Kliniki ya tumbo na ini hapa Moshi: nawapa nyota 4, ya tano wameipoteza kwenye simu

Jina la kliniki silitaji, mapema kabisa niseme. Kwenye hii stori kuna sehemu nyingine tulipita kabla na hizo nazisema vibaya, sasa nikitaja mmoja kwa uzuri wataanza kusema nimelipwa. Ni kliniki binafsi, ndogo, ghorofa ya kwanza, mjini Moshi, inashughulika na tumbo na ini, ukiwa na shida hiyo ukiuliza watu wawili watatu utafikishwa tu.

Mgonjwa sio mimi, ni babamdogo wangu. Ana miaka 52, anakaa Kibosho, ana ng'ombe watatu wa maziwa na migomba, na ana pumu ya tangu utotoni. Mimi nauza viatu vya mtumba soko la Mbuyuni kwa hiyo kila akishuka mjini anafikia kwangu, ndo maana hospitali zote nimezunguka naye mimi.

Ilianza Januari na kuwashwa. Yaani kuwashwa kwa ajabu, sio upele, ngozi safi kabisa ila anajikuna usiku mpaka mamamdogo akahamia chumba cha watoto. Baadaye mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokaa sana jikoni, choo kikawa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, na siku moja akashuka mjini nikamwona juani nikamwambia babamdogo mbona macho yako ya njano. Akaniambia ni vumbi. Vumbi gani la njano jamani.

Sehemu ya kwanza tulienda zahanati ya huko huko juu. Wakapima FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, eosinofili (chembe nyeupe fulani, nitazieleza mbele) zikaja asilimia 28. Mhudumu alivyoona tu akasema minyoo, akaandika albendazo, kwa heri. Sasa simlaumu sana kwa sababu hapa kwetu eosinofili zikipanda mara nyingi kweli ni minyoo, kwa mtu wa ng'ombe na mifereji ndo kabisa, ila macho ya njano hakuyauliza hata swali moja. Tukamaliza dawa, kuwashwa kuko palepale.

Hapo katikati kuna duka la dawa moja babamdogo aliingia mwenyewe bila kuniambia, akawaeleza anawashwa, wakampa vidonge vidogo 30 kwenye kimfuko cha plastiki, mbili mara tatu kwa siku tano. Hakuna aliyeandika jina la dawa kwenye kimfuko, hakuna risiti. Hii ikumbukeni, narudi kwake mbele.

Sehemu ya pili ilikuwa kituo kimoja chenye utrasaundi, mwezi wa tatu. Utrasaundi ikaonyesha mirija ya nyongo imetanuka ndani ya ini na chini yake kuna sehemu kuta zimekuwa nene, mawe hamna. Wakarudia FBP, eosinofili zikaja asilimia 3, kawaida kabisa. Wakapima kipimo cha damu cha CA 19-9, wanachotumia kufuatilia kansa za huko, kikaja 210 wakati mwisho wa kawaida ni 37. Yule daktari akatuita pembeni, sio hata chumbani, kwenye korido pale karibu na ndoo za kufagilia, akasema "huyu ana kansa ya mirija ya nyongo, mpelekeni nyumbani mkae naye". Kwenye korido! Na babamdogo mwenyewe amekaa benchi hatua nne hivi, masikio yake mazima.

Sitaeleza sana wiki mbili zilizofuata. Ukoo ulikaa, mbege ikatengenezwa, watu wakatoka Dar, kaburi karibu liongelewe. Kuna aliyeleta majani ya kuchemsha, kuna aliyeleta magome, vyote alikunywa. Kuwashwa kulikuwa kumepungua kidogo mwanzoni mwa mwezi wa tatu, sisi tukasema magome yamefanya kazi, halafu kukarudi kwa hasira kuliko mwanzo na njano ikawa mpaka viganjani.

Ndo jirani yangu wa sokoni, mama mmoja anauza mitandio, akaniambia kuhusu hii kliniki, mdogo wake alitibiwa ini pale. Tukaenda mwezi wa nne.

Sasa niseme kilichonishangaza. Kumwona dokta ni elfu 40, nikaona ni ghali nikanuna, nimezoea unaingia dakika tano unatoka na karatasi ya vipimo. Pale tulikaa na dokta karibu lisaa limoja. Ni mama wa makamo, anaongea taratibu mno mpaka unataka kumsukuma, na kitu cha kwanza alichosema sio vua shati, alisema "mzee, nipeni makaratasi yote mliyonayo, hata yaliyochanika". Mimi nina tabia ya kuweka kila karatasi kwenye mfuko wa viatu kwa hiyo nikamwagia vyote mezani. Akavipanga kwa tarehe kama mtu anapanga karata. Akakaa kimya. Halafu akauliza "hapa tarehe 20 mwezi wa pili asilimia 28, hapa tarehe 9 mwezi wa tatu asilimia 3, katikati ulimeza nini?"

Babamdogo akasema albendazo. Akasema hapana, kingine. Akasema magome. Akauliza magome ulianza lini, tukahesabu, yalianza baada ya ile tarehe 9. Akauliza tena kingine. Kimya. Ndo mzee kwa aibu akatoa stori ya duka la dawa na vile vidonge 30. Dokta akachomoa kwenye droo kidonge akamwonyesha, kinafanana na hiki? Ndicho chenyewe. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na alergi inayolaza kinga ya mwili.

Akatuelezea kwamba hiyo dawa inashusha eosinofili kwenye damu ndani ya masaa tu, kwa hiyo yule wa pili alivyopima akaona 3 akasema hamna alergi hamna minyoo basi ni kansa, kumbe kipimo kilikuwa kimefutwa. Na akaongeza kitu ambacho sisi tulikuwa hatujakiunganisha, kwamba ile nafuu ya kuwashwa mwanzoni mwa mwezi wa tatu iliangukia siku zilezile za vile vidonge. Akachukua damu siku hiyohiyo, eosinofili 31. Hapo nikaanza kumheshimu.

Kwa wasiojua, alitueleza hivi na mimi nawapa kama nilivyoelewa. Nyongo inatengenezwa kwenye ini halafu inateremka kwa mirija mpaka kwenye utumbo. Babamdogo ni mtu wa mifereji, dokta akamwambia chukulia ini ni kule juu msituni maji yanapotoka na mirija ndo mifereji yenu ya kushusha maji mashambani. Mfereji unaweza kuzibwa na jiwe, unaweza kuzibwa na kitu kimeota ndani, hiyo ndo kansa, unaweza kukakamaa kwa makovu, na mara chache sana zinavimba kingo zenyewe mpaka maji yanapita kwa shida. Kwenye hii ya mwisho kinachovimbisha kinaweza kuwa hizo eosinofili zimejazana kwenye ukuta wa mrija. Nyongo ikikosa njia inarudi kwenye damu, ndo unakuwa wa njano, unawashwa, mkojo unakuwa mweusi na choo kinakosa rangi.

Na eosinofili ni nini? Ni aina ya chembe nyeupe za damu, kazi yake ni mambo ya minyoo na alergi. Akasema ni kama mgambo, wakitumwa mtaa ambao hauna mwizi wanaanza kupiga wenye maduka. Nikacheka peke yangu, sisi wa sokoni mgambo tunawajua vizuri. Ugonjwa wenyewe unaitwa kolanjaitisi ya eosinofili, ni nadra sana hata duniani, na shida yake kubwa ni kwamba kwenye picha unafanana na kansa ya mirija kama pacha. Kuna watu wamepasuliwa operesheni kubwa ya kansa halafu kinyama kilichokatwa kikipimwa hamna kansa, ni eosinofili tupu.

Lakini, na hapa ndo namsifu, hakusema "ni huu". Alisema huu ndo wa mwisho kwenye foleni, lazima kwanza niwaondoe wote waliotangulia. Mimi nilitaka ampe dawa siku ile, si ameshaonekana anapata nafuu? Nikamwambia dokta kwani si tumpe tu vile vidonge. Akaniangalia akasema mama, ukimpa sasa hivi unafuta ushahidi, halafu kama ana kansa tumepoteza miezi, na kama ana mnyoo fulani tumboni unaweza kumuua. Nikanyamaza.

Maswali aliyouliza nayo ni ya kuandika. Unakata majani ya ng'ombe wapi? Kando ya mfereji. Ukikata unaweka jani mdomoni unatafuna? Babamdogo akacheka, kila mtu anatafuna. Maji ya mfereji unakunywa? Zamani, saa nyingine hata sasa. Umeshawahi kulima mpunga Chekereni? Miaka ile ya ujana ndiyo, misimu miwili. Una mbwa? Anao. Unatumia dawa gani ya pumu? Pua zinaziba? Miguu inakufa ganzi? Kila swali lilikuwa na mnyama wake nyuma. La mpunga ni kichocho cha tumbo. La ganzi na pua ni ugonjwa mwingine wa mishipa ya damu unaowakamata watu wa pumu. La majani ya mfereji ni minyoo bapa ya ini, ile inayowapata ng'ombe na kondoo, ukichinja unaikuta kwenye ini imelala kama jani. Mimi nilijua ni ya ng'ombe tu. Kumbe inapita kwa konokono wa majini halafu inanata kwenye majani ya pembeni ya maji, mtu akitafuna au akinywa maji hayo inaingia, inatoboa inapanda kwenye ini na kwenda kukaa ndani ya hiyo hiyo mirija ya nyongo. Na eosinofili zinapanda vibaya mno. Akasema kuna watafiti walitoa ripoti 2015 ya watu waliokutwa nayo mkoa wa Arusha, nikarudi nyumbani nikaitafuta na kweli ipo. Dawa yake sio albendazo, ni nyingine, inaitwa triklabendazo. Sasa fikiria wangapi wameandikiwa albendazo wakarudi nayo nyumbani.

Choo kilipimwa mara tatu siku tofauti, sio kile cha kutupia kwenye kioo dakika mbili. Kulikuwa na kipimo cha kuweka choo kwenye chujio na maji ya vuguvugu kusubiri minyoo midogo iteremke, hiyo ni kwa ajili ya mnyoo unaoitwa strongiloidi, ambao kipimo cha kawaida kinaukosa mara nyingi, na ndo huo unaoweza kumuua mtu akipewa prednisoloni kwa sababu kinga ikilala wenyewe wanazaliana na kusambaa mwili mzima. Hawakuukuta, ila dokta akasema kwa eneo letu siamini kutokuonekana peke yake, akampa ivamektini kabla ya yote. Mayai ya minyoo bapa hayakuonekana, kichocho hamna. Homa ya ini B na C hamna, ukimwi hamna. Moyo akaagiza upigwe picha kwa sababu eosinofili zikikaa juu muda mrefu zinaweza kuharibu moyo, ulikuwa mzima.

Kuna kipimo kingine cha damu cha IgG4, hicho sampuli ilisafirishwa tukasubiri karibu wiki tatu, nacho ni kwa ugonjwa mwingine unaovimbisha mirija na kongosho na wenyewe unasikia prednisoloni vilevile, kwa hiyo ukipata nafuu tu huwezi kusema nimejua nini. Kilirudi kawaida. Na ile CA 19-9 iliyotutoa machozi, akasema mrija ukiziba kwa sababu yoyote inaweza kupanda, usiisome kwa mtu mwenye manjano kama hukumu, ipimwe tena nyongo ikishafunguka. Yaani ile ndoo ya korido nilitamani niirudie niipige teke.

Emaarai (MRI) ya mirija, inaitwa MRCP, tulifanyia Arusha. Kwa wanaouliza, hachomwi dawa ya rangi, analala tu kwenye lile bomba anaambiwa vuta pumzi shikilia, babamdogo alisema kelele zake ni kama mashine ya kusaga Jumamosi. Tulienda na Kosta alfajiri tukarudi jioni. Picha ikaonyesha ukuta wa mrija mkubwa umenenepa sehemu ndefu na kuna sehemu mbili zimebana, uvimbe wa kuonekana hamna. Ila picha haiapi, maneno ya dokta hayo.

Kilichobaki ikawa kinyama. Hicho kinachukuliwa kwa ERCP, wanaingiza kamera kwa mdomo mpaka utumbo mdogo pale mrija unapomwagia, wanaingiza rangi, wanapiga eksrei, wanasugua kwa brashi na kung'ata vinyama vidogo, na hapohapo wanaweka kibomba cha plastiki cha kushikilia njia ili nyongo ipite. Kliniki hawafanyi na hawakujifanya wanaweza, akaandika rufaa ya Dar, ukurasa mzima na nusu kwa mkono, na akampigia mwenzake simu mbele yetu. Akasisitiza mambo matatu: asipewe prednisoloni hata kidonge kimoja kabla ya kinyama, wachukue vinyama vingi sehemu tofauti, na apewe sindano ya vitamini K kwanza kwa sababu mtu wa njano damu yake inachelewa kuganda. Alituambia pia ukweli kwamba baada ya hiyo kazi kongosho linaweza kuvimba, tukiona maumivu makali yanaenda mgongoni tusilale nayo. Babamdogo aliumwa tumbo usiku mmoja, wakamwangalia, ikaisha.

Majibu ya kinyama yalikuja baada ya siku 12. Eosinofili nyingi zimejaa ukuta wa mrija, chembe za kansa hazijaonekana. Sisi tukataka kuruka. Dokta wetu akasema polepole, kinyama cha brashi kinaweza kuikosa kansa, naomba vile vioo vilivyobandikwa kinyama visomwe tena na mtu wa pili. Kuvipata vile vioo ilikuwa kazi mpaka nikaenda mwenyewe na basi la usiku, nikavibeba kwenye boksi la viatu nimezungushia khanga, nimeshikilia mapajani kutoka Dar mpaka Moshi kama mayai ya kienyeji. Msomaji wa pili akasema kilekile.

Ndo akaanza dawa, mwezi wa saba mwanzoni, prednisoloni miligramu 40 kwa siku asubuhi na chakula, halafu inashushwa kidogokidogo kwa ratiba aliyoibandika mamamdogo kwenye kabati la vyombo. Dokta akasema na hii bado ni kipimo. Kuujua huu ugonjwa kunataka vitu vitatu viungane: mrija umenenepa au umebana, kwenye kinyama eosinofili zimejaa, na mrija unarudi hali yake kwa dawa hizi, au hata wenyewe bila dawa, maana wapo ambao unaondoka tu. Kingekosekana cha tatu tungerudi kutafuta kansa upya. Wiki ya kwanza kuwashwa kukaisha. Wiki ya nne macho meupe. CA 19-9 ikashuka mpaka 24. Kibomba kikatolewa mwezi wa tisa, hicho cha plastiki hakikai sana, kama miezi mitatu hivi kinaziba kwa hiyo tarehe msizidharau. Emaarai ya pili mrija umefunguka, sehemu moja tu imebaki na kabano kadogo wanaiangalia.

Sukari ilipanda kidogo kwa ajili ya dawa, uso ukavimba mashavu kama amenenepa, na akawa anakula mno, mamamdogo alilalamika mtori haukai. Alitaka kuacha dawa ghafla alivyoona amepona, hilo ni kosa, wakamgombeza vizuri tu. Na walimwambia unaweza kurudi, kwa hiyo FBP na vipimo vya ini kila mwezi kwanza, baadaye miezi mitatu mitatu.

Haya sasa mabaya ya kliniki maana sio malaika.

Simu. Jamani simu. Ile namba iliyoko kwenye kadi haipokelewi. Nimepiga mara 11 siku moja kuuliza majibu ya IgG4, mara ya 12 akapokea binti akasema "subiri" akaweka mezani nikasikiliza dakika nne za watu wanaongelea mchezo wa kikoba. Majibu yalikuwa yameshafika siku tano nyuma. Siku tano mtu amelala anawaza kansa. Mkiweza waombeni namba ya nesi wa asubuhi, yule anajibu wasapu.

Foleni haina namba. Unafika saa moja, anakuja mtu saa tatu na tai anaingizwa, ukiuliza unaambiwa ana miadi. Na sisi tulikuwa na miadi! Benchi la mbao, ngazi bila pa kushikilia, mgonjwa wa ini hana nguvu, babamdogo siku ya kwanza alipumzika mara mbili kwenye ngazi 18 nimezihesabu. Choo maji hayatoki kila siku, na hapo ndo sehemu wanayokupa kikopo cha kuweka choo, sasa fikirieni wenyewe.

Bima ilikubali kumwona dokta na vipimo vya kawaida, ila IgG4 na kusafirisha sampuli tulilipa mfukoni, na hawakutuambia mapema, tuliambiwa dirishani wakati damu imeshatoka. Hili nililigombea na meneja akakubali ni kosa lao, akatupunguzia. Bora mngeandika ukutani, karatasi moja tu na gundi.

Maabara yao ndogo ni nzuri, yule kijana wa maabara anakuangalia usoni anakuambia nachoma sasa. Risiti wanatoa. Dirisha la dawa lao ni ghali, mkiandikiwa dawa za kawaida shukeni mtaani, ila mkanunue duka linaloandika jina la dawa kwenye pakiti.

Kuna ndugu yangu wa Arusha kaniuliza kama inafaa kutoka huko kote kwa ajili ya kuwashwa. Mi nasema kuwashwa peke yake anza karibu na kwako. Kuwashwa pamoja na macho ya njano na mkojo mweusi usikae hata wiki, nenda popote palipo na utrasaundi na vipimo vya ini, ukiona na homa na kutetemeka juu yake hiyo ni ya usiku huohuo, usisubiri kliniki ya mtu. Hapa kwetu Moshi njoo kama umeshazunguka na una mfuko wa makaratasi ambao hakuna aliyeusoma wote, yule mama anausoma. Beba vyote, na vidonge ulivyonunua kimyakimya navyo beba, hata kama unaona aibu.

Nyota 4 basi. Nne zote za dokta na maabara, mapokezi hawana hata nusu.

Babamdogo yupo, wiki iliyopita kashusha maziwa mwenyewe. Majani anakata sehemu ya juu iliyo kavu sasa, na akiweka jani mdomoni mamamdogo anamnyang'anya, kuna ugomvi mpya huko nyumbani.

Jumamosi wako wazi mpaka saa saba lakini yule mama hayupo, kuna kijana anashika zamu, mzuri tu ila faili zito anakuambia usubiri Jumatatu, kwa hiyo usipande gari kutoka Himo au Boma bure.